Mkopo wa gari ukiisha mapema, bima iliyobaki ni ya nani?

Msimu ukiwa mzuri Malindi, kuanzia Desemba hadi Machi, wenye magari ya watalii na teksi za Watamu hupunguza madeni haraka, na wengine humaliza mkopo wa gari mapema sana. Benki hutoa barua kwamba deni limekwisha, jina la benki linaondolewa kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari, kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mtu huenda zake. Bima aliyoilipia hadi mwisho wa mkopo haiulizii tena, na hapo ndipo pesa zinapobaki.

Tutenganishe kwanza, maana mkopo mmoja hubeba bima mbili zisizofanana. Ipo bima ya mkopo, inayolipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Ipo pia bima ya gari lenyewe, komprehensivu, inayofidia hata gari lako mwenyewe, na hukatwa mwaka kwa mwaka. Traka, kifaa cha kufuatilia gari, si bima. Ada yake ni ya huduma na kwa kawaida hairudi. Wenye tuktuk na matatu wanaokata thadi pati, bima ya kufidia watu wengine tu, ya mwezi kwa mwezi hawana cha kudai upande wa gari.

Mvutano mkubwa uko kwenye bima ya mkopo iliyolipwa yote mwanzoni. Tuseme ada ni KSh 36,000 kwa miezi 36, na mkopo umeisha mwezi wa 18. Mkopaji husema nusu ya muda imebaki, basi arudishiwe 18,000. Kampuni hujibu kwamba bima hii hufuata deni, na deni lilikuwa kubwa mwanzoni, kwa hivyo sehemu nzito ya hatari imeshabebwa. Ikitumia hesabu ya kujumlisha namba za miezi, 1 hadi 36 ni 666. Miezi 18 iliyobaki, 1 hadi 18, ni 171. Gawanya 171 kwa 666, zidisha kwa ada, unapata takriban KSh 9,243.

Hoja ya kampuni ina uzito. Mkopaji akifariki mwezi wa pili, inalipa karibu deni zima. Akifariki mwezi wa 30, inalipa mabaki. Lakini hoja hiyo husimama pale tu fidia inaposhuka pamoja na deni. Cheti kikisema fidia ni ile ile miaka yote mitatu, hatari haikupungua, na mgawo sawa kwa kila mwezi ndio wa haki. Soma mstari wa fidia kabla ya kubishania hesabu. Na kama ada ililipwa kila mwaka kulingana na salio, cha kurudi ni miezi michache tu ya mwaka huo.

Kampuni pia husema kamisheni ya aliyeuza bima imeshalipwa. Kwa maoni yangu, kamisheni ya miezi ambayo bima haikufanya kazi haifai kubebeshwa mteja. Yeye ameshaumia vya kutosha: mara nyingi ada ilijumlishwa ndani ya mkopo, akailipia riba, na riba hiyo hairudi.

Komprehensivu ni habari nyingine. Wengi hukimbilia kuifuta, na mara nyingi ni hasara. Mteja akifuta mwenyewe, kampuni hutumia jedwali la muda mfupi, linaloonyesha asilimia ya ada inayobaki nayo kwa miezi iliyotumika, si mgawo wa miezi. Ada ikiwa KSh 60,000 na jedwali likibakiza 75% kwa miezi sita, utarudishiwa 15,000 badala ya 30,000, kisha ukanunue thadi pati, kwani sheria hairuhusu gari barabarani bila hiyo. Ukiwa umeshadai fidia mwaka huo, usitarajie kitu. Afadhali uiache iishe, ila omba benki iondolewe kama mnufaika. Usipofanya hivyo, gari likiharibika kabisa, hundi inaweza kuandikwa kwa benki isiyokudai hata senti.

Madai mengi ya bima ya mkopo hukwama kwa sababu bima hiyo kwa kawaida ni ya kikundi, na mwenye bima ni benki. Kampuni itakurudisha benki. Tawi la Malindi litasema suala liko Nairobi. Kwa hiyo peleka barua tawini siku ile ile unayofuata barua ya kumaliza deni. Taja namba ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho, ada uliyolipa, na uombe hesabu kwa maandishi ikionyesha kanuni iliyotumika. Andika akaunti inayofanya kazi, kwa sababu akaunti ya mkopo imefungwa na pesa zikitumwa huko zitarudi. Nakala yako ipigwe muhuri.

Ukiongezewa mkopo juu ya wa zamani, hakikisha bima ya kwanza imefutwa na salio lake limekatwa kwenye ada mpya; vinginevyo unalipia kinga mbili kwa deni moja. Wakikataa kukuonyesha hesabu, kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo, na IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, hupokea malalamiko. Ambatisha barua ya mkopo, cheti cha bima na ile nakala yenye muhuri.