Lancia Delta ya mataji sita: iliwashinda akina nani?

Mwaka 1975 Lancia, kampuni ya magari ya Italia, walipeleka gari lao la Stratos kwenye Safari Rally, Kenya. Hata leo ukiitazama picha ya gari lile unasimama kidogo. Lilichorwa na Marcello Gandini wa Bertone, kampuni ya kuchora magari. Injini ya silinda sita, iliyotoka kwenye Ferrari Dino, ilikaa mgongoni mwa dereva, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hapakufika hata mita mbili na robo. Kioo cha mbele kilizunguka kama barakoa ya fundi wa kuchomelea. Gari la kubeba familia halikuwa, mizigo ndiyo usiseme. Lilitengenezwa kushinda rali, basi, na kushinda lilishinda: Lancia walibeba taji la dunia la watengenezaji 1974, 1975 na 1976, na dereva Sandro Munari akaitawala rali ya Monte Carlo nalo miaka mitatu mfululizo, 1975 hadi 1977.

Kenya likapigwa na Peugeot 504. Ndiyo, 504, ukoo ule ule wa magari yaliyokuwa yakishindilia abiria kutoka mji hadi mji. Ove Andersson wa kwanza, Munari na Stratos yake wa pili, Björn Waldegård na Stratos nyingine wa tatu. Munari alirudi 1977, akaambulia nafasi ya tatu. Stratos haikuwahi kushinda Safari.

Lancia iliyokuja kuivunja laana hiyo, mwaka 1988, ilikuwa gari la milango mitano. Delta ilizaliwa 1979 kwa mchoro wa Giorgetto Giugiaro, gari la kupelekea watoto shule na kurudi na kapu la sokoni, na mwaka 1980 ikatajwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa sifa hizo hizo za unyumbani. Dereva Miki Biasion na msomaji wake wa ramani, Tiziano Siviero, wakaipitisha kwenye vumbi na matope ya Kenya wakawa wa kwanza. 1989 wakarudia. 1991 akaja Juha Kankkunen, naye akashinda.

Wapenzi wa Delta ya rali (toleo la kusukumwa na magurudumu yote manne, lililoitwa HF 4WD kisha Integrale) hawana haja ya kutafuta maneno, takwimu zinawasemea. Ushindi 46 kwenye mashindano ya dunia. Mataji sita ya watengenezaji bila kukatika, 1987 hadi 1992, na hakuna kampuni iliyowahi kupita hapo. Kwao mjadala umefungwa: hili ndilo gari kubwa la rali kuliko yote.

Wanaobisha wana swali moja tu: mlimshinda nani?

Swali hilo si la husuda. Miaka ya katikati ya themanini rali ilitawaliwa na Kundi B, ambako kampuni ilitakiwa kutengeneza magari 200 tu ili jinamizi lake liruhusiwe kushindana. Tarehe 2 Mei 1985, kisiwani Corsica, Attilio Bettega alifariki akiendesha Lancia 037. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, kisiwa kile kile, Henri Toivonen na Sergio Cresto walitoka barabarani na Lancia Delta S4 (gari jingine, la Kundi B, si Delta ile ya familia), gari likaporomoka na kuwaka moto. Matangi ya mafuta yalikuwa chini ya viti vyao. Mara moja wakuu wa mchezo wakatangaza kwamba Kundi B linakufa mwisho wa msimu, na kuanzia 1987 taji litagombewa na magari ya Kundi A: ukitaka kushindana, tengeneza magari 5,000 ya kuuzia watu.

Sasa angalia nani alibaki uwanjani. Peugeot, bingwa wa 1985 na 1986, walikasirika wakaenda zao jangwani kwenye Paris-Dakar. Audi walikuwa na modeli iliyoitwa 200, sedani ndefu iliyofaa barabara za Kenya (ilishinda Safari ya 1987 mikononi mwa Hannu Mikkola) lakini iliyokuwa mzigo kwenye kona za milima ya Ulaya. Ford walikuwa na Sierra yenye tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyingine ya magurudumu manne isiyo na tabo, yaani nusu mbili za gari moja. Mazda 323 ilikuwa na vyote viwili, ila injini yake ilikuwa ya lita 1.6. Lancia peke yao ndio walikuwa na gari dogo, injini ya lita mbili yenye tabo, linalosukumwa na magurudumu yote. Msimu wa 1988 walishinda rali 10 kati ya 13. Hata Kenya, 1988 na 1989, aliyemfuata Biasion alikuwa Mike Kirkland wa pale pale nyumbani, akiwa na Nissan 200SX ya kusukumwa nyuma. Ukiwa mkali utasema Delta iliokota mataji yake ya mwanzo.

Mimi naikubali nusu ya hoja hiyo. Kinachonizuia kuikubali yote ni kalenda. Delta HF 4WD ilionyeshwa Turin Aprili 1986, kabla ya msiba wa Corsica. Haikuundwa mbiombio ili kuwahi sheria mpya. Ilikuwepo tayari, na wengine walikuwa na muda ule ule na sheria ile ile. Lakini bahati ipo pia, tusijifanye hatuioni. Tena ni bahati chungu, maana sheria iliyowanufaisha Lancia ilisukumwa na vifo vya watu waliokuwa ndani ya magari yao wenyewe. Jambo hili mashabiki hulipita harakaharaka.

Kuanzia hapo ndipo stori inanoga, kwa sababu Delta ya 1987 haikuwa gari zuri kiasi hicho. Injini yake ililala kwa upana mbele, pua ikawa nzito, na nguvu nyingi zilikwenda mbele, asilimia 56. Ukiingia kona kwa kasi, gari lilitaka kunyoosha. Katikati waliweka kiungo cha mnato cha kugawa nguvu, na nyuma difu ya Torsen inayolipa gurudumu lenye mshiko. Kisha wakaanza kurekebisha, mwaka baada ya mwaka. Madigadi yalitanuliwa ili matairi mapana na breki kubwa zipate nafasi. Mwaka 1989 kichwa cha injini kikawa cha valvu 16, kirefu zaidi, boneti ikabidi ivimbe katikati, na mgawo wa nguvu ukageuzwa: asilimia 47 mbele, 53 nyuma. Integrale ukiiona kwa karibu inafanana na bondia aliyestaafu, kila uvimbe una siku yake. Na kwa kuwa sheria ilidai magari yauzwe, mnunuzi wa kawaida wa Milano aliuziwa uvimbe huo huo, na ndiyo sababu mnadani leo linagombaniwa.

Ushahidi wa upande wa pili unaanzia 1990. Toyota walikuwa wamefika na Celica GT-Four. Waldegård akaichukua Safari ya mwaka huo nayo, Carlos Sainz akawa bingwa wa dunia wa madereva. Hapo huwezi tena kusema uwanja ulikuwa mtupu. Lakini taji la watengenezaji 1990, 1991 na 1992 lilibaki kwa Lancia.

Tuutazame 1992 kwa utulivu, maana mwaka huo unanifanya niwape kisogo mashabiki na wabishi kwa pamoja. Didier Auriol alishinda rali sita msimu mmoja akiwa na Delta, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na dereva yeyote kabla yake. Ungetegemea awe bingwa. Alimaliza wa tatu. Bingwa alikuwa Sainz wa Toyota aliyeshinda nne, Safari ikiwemo. Delta ya Auriol isiposhinda ilimwangusha. Lakini pointi za kampuni hazitegemei dereva mmoja: Kankkunen alikuwepo kuokota zilizomdondoka mwenzake, na rali ya Sanremo alishinda Andrea Aghini, naye akiwa ndani ya Delta. Taji lile lilibebwa na kikosi kizima.

Safari yenyewe ilidai hivyo hivyo. Wakati ule barabara hazikufungwa. Gari la rali lilikutana na basi, punda, wakati mwingine mto uliofurika. Timu kubwa zilikuwa na helikopta ya kuchungulia mbele, magari ya huduma yaliyojaa spea, na mafundi wa kubadilisha shokapu dereva akinywa maji. Delta za Kenya ziliinuliwa juu, zikavishwa ngao ya mabomba mbele na taa za ziada. Wengine husema hiyo ni kununua ushindi. Sawa, lakini pesa Lancia walikuwa nazo hata enzi za Stratos, na 504 ikawaacha. Nadhani tofauti ni kwamba kufikia 1988 walikuwa wamekwisha kujifunza Safari inavyoua magari, na safari hii walikuja na gari linalokubali kurekebishwa.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema Delta inasifiwa kupita kiasi, na mafundi waliokuwa wakiilaza chini ya taa usiku kucha wanasifiwa pungufu. Jaribio lilifanyika, wala si nadharia. Mwisho wa 1991 kiwanda kilijitoa rasmi, kazi ikabaki kwa timu ya Jolly Club, na uundaji ukasimama polepole. 1993 Sainz, bingwa mtetezi, akaihama Toyota akakaa kwenye Delta. Msimu mzima Delta haikushinda rali hata moja. Biasion alishinda rali ya Acropolis, akiwa na Ford. Safari ya mwaka huo Toyota walizoa nafasi nne za kwanza: Kankkunen juu, na wa pili yake Markku Alén, aliyeitumikia Lancia miaka mingi na kuondoka bila kushinda Safari hata mara moja.