Usafi wa Mtu wa Tanga

Kwetu Tanga, mtoto asiyejua kusugua sufuria mpaka ajione meno huhesabiwa hajalelewa. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba nilichomfanyia mzee wa watu kilitokana na malezi mema.

Nilipanga chumba Philadelphia, Marekani, kwa mzee mmoja mjane. Jina langu lilimshinda, akaamua kuniita Tanga. Nyumba nzima ilikuwa santuri: ngazini, chini ya vitanda, na Mungu shahidi, ndani ya jiko la kuokea. Na si za kila mtu. Ni za Joe Venuti tu, mpiga fidla wa jazi aliyekulia mji huohuo na rafiki yake Eddie Lang, mpiga gitaa. Mwaka 1926 walirekodi wawili peke yao, fidla na gitaa, basi. Lang akafariki 1933, ana miaka 30, baada ya upasuaji wa mafindofindo. Mzee akifika hapo kwenye hadithi huvua miwani akanyamaza. Halafu huivaa tena na kucheka, maana Venuti alikuwa na utani wa kuudhi: inasimuliwa kwamba kila Krismasi alimpelekea Wingy Manone, mpiga tarumbeta mwenye mkono mmoja, kifungo kimoja cha mkono wa shati. Kimoja tu.

Mimi fidla niliijulia kwenye taarabu. Nilipomwambia mzee kwamba Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, alinipunguzia kodi papo hapo.

Kisha akanipa kazi ya daftari. Santuri ina namba yake, imegongwa kwenye ile nafasi tupu kati ya mwisho wa michirizi na karatasi ya katikati, na pengine inakuambia hapo walirudia mara ya ngapi. Kwa jazi hilo si dogo. Wimbo ni uleule, lakini ukirudiwa fidla inakata kona nyingine kabisa, kwa hiyo mzee alizitaka zote, na namba zake zote.

Siku ya mkasa alikwenda kung'oa jino. Akaniachia santuri moja ya kampuni ya Columbia, tochi na amri: nisome namba, nisiguse kingine.

Nikamulika. W. Moja. Nne. Halafu uchafu.

Sasa mtu wa Tanga afanyeje? Nikachukua spiriti na kipande cha khanga ya mama, ile ya "Wacha Waseme", iliyokwisha kuraruka hata limebaki neno WASEME. Nikasugua. Kitambaa kikatoka cheusi tii! Nikaona haya kwa niaba ya mzee: uchafu wa tangu 1926, na mtu anaishi nao. Nikachukua kipande cha pili, nacho kikawa cheusi. Kadiri kilivyozidi weusi ndivyo nilivyozidi kujisifu, mpaka nikaanza kuimba. Niliporudisha tochi, ile nne haikuwepo. Wala moja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba, fundi seremala. Utotoni nilimkorogea shelaki kwenye spiriti kwa mikono yangu hii hii, mpaka iyeyuke, apakie makabati. Na santuri za zamani ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India, uliochanganywa na unga wa mawe na kitu cha kutia weusi. Sikuwa nafuta uchafu. Nilikuwa nafuta Joe Venuti.

Mzee akarudi na ganzi mdomoni, shavu kama andazi. Akanusa. Akaiona santuri inang'aa, laini kama sahani ya kulia wali. Nasadiki alinitukana, lakini kwa ile ganzi kila tusi lilitoka "mbwaa, mbwaa", nami kwa adabu nikawa naitika "ndiyo, Mzee". Akaiweka kwenye mashine. Ikasikika samaki anakaangwa. Katikati ya mafuta ikachomoza fidla, mbali, kama mtu anapiga akiwa chooni na mlango umefungwa. Kisha sindano ikateleza mpaka katikati, ikalala.

Usiku ule sikulala, nilipanga mizigo. Asubuhi nikamkuta mezani, daftari wazi, na kile kipande cha khanga kimetiwa kwenye bahasha ya santuri, nadhifu. Akaniambia nusu ya rekodi imo humo, na yeye hatupi rekodi. Akauliza maandishi yanasomekaje. Nikamsomea. Kwenye safu ya wimbo akaandika "Waseme". Kwenye safu ya mpigaji, "Tanga". Akanyanyua kalamu, hana hata tone la kicheko usoni, akauliza kama kuna iliyorudiwa mara ya pili.

Ilikuwepo. Ila nilikuwa nimeshaifua.