Fonti elfu tatu, na bado ng'ombe kakosa ritifaa

Madizaina wa Dar ukiwakuta Kariakoo wamekaa wanasubiri flex, lile turubai la bango, itoke kwenye mashine, mada haichelewi kufika kwenye fonti, yaani mitindo ya herufi. Kuna wanaosema bila programu ya kupanga fonti kama FontBase au NexusFont unajitesa bure, na kuna wanaosema hizo ni mbwembwe tu, we shika fonti zako kumi piga kazi. Mi nimeshakaa pande zote mbili na kila upande una ukweli wake, ila kuna kitu wote tunakiruka.

Mwanzoni nilifanya kama wengi, mtu anakuletea fleshi ina fonti elfu tatu unazikopi zote zinaingia kwenye Windows, kuanzia hapo ukifungua Photoshop unaenda kununua chapati unarudi bado inasoma fonti. Hapo ndo hizi programu zinasaidia kweli. FontBase ni ya bure kwa matumizi ya kawaida, inakubali Windows, Mac na Linux, unaionyesha tu folda lilipo, unaiwasha fonti unayoitaka na ukimaliza unaizima, huna haja ya kuinstoli mzigo wote. NexusFont ni ya Windows, sura yake ya kizamani lakini kwenye kompyuta yenye RAM ndogo mi naona inapumua vizuri. Wenye Mac wana Font Book tayari. Na raha yenyewe ni kulinganisha, unaandika sentensi moja unaiona kwa fonti hamsini kwa mpigo badala ya kushuka na menyu moja moja huku mteja kakusimamia kichwani.

Sasa nilipata kazi ya bango la bucha huko Mbagala. Nikalinganisha fonti kwa ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha anayeruka mbwa, ikanivutia moja nene ya mikwaruzo kama chaki. Maandishi nilikuwa nimeshayapanga kwa fonti ya kawaida ya Arial, usiku sana nikabadilisha fonti, nikatuma PDF bila hata kukuza. Asubuhi bango la mita tatu linasoma NYAMA YA NG halafu kiboksi kitupu halafu OMBE. Mwenye bucha kaliangalia weee, akaniuliza, "Dogo, hicho kidirisha hapo kati cha nini?" Flex ya pili nililipa mimi.

Kumbe fonti nyingi za bure zina A mpaka Z na namba, basi, ile ritifaa ya ng', yaani kile kialama cha juu baada ya g, aliyetengeneza wala hakuiwaza. Na ile sentensi ya mbweha inakuonyesha q na x ambazo sisi hatuna kazi nazo, haikuonyeshi k na w zikibanana, wala neno refu. Fonti pana inayopendeza kwenye "Welcome" ukiiwekea "Tunawakaribisha", herufi 15 hizo, inatoka nje ya bango. Siku hizi sentensi yangu ya kulinganishia ni "Tunawakaribisha, nyama ya ng'ombe 12,000/= kwa kilo", nusu ya fonti zinafia hapohapo.

Wale wa fonti kumi hawapati ajali ya hivi, wanazijua fonti zao mpaka tabia. Shida yao ni kwamba kadi ya mchango wa harusi, flaya ya semina na menyu ya mgahawa vyote vinafanana, fonti ya Montserrat juu ya Poppins chini. Na hiyo Montserrat yenyewe dizaina Julieta Ulanovsky aliitoa kwenye mabango ya zamani ya mtaa wake kule Buenos Aires, wakati sisi tuna maandishi ya brashi kwenye kuta za maduka kila kona na hakuna anayeyaangalia.

Halafu kuna mambo ambayo si programu si fonti kumi zinayamaliza. Umewasha fonti kwa muda, kesho umefungua kazi bila kuiwasha ile programu, programu ya kuchorea ya Illustrator inakuambia fonti haipo. Au kompyuta ya printa haina fonti yako inakubandikia nyingine, kwa hiyo geuza maandishi kuwa maumbo kabla hujatuma, ila bakiza kopi inayoharirika maana mteja lazima atabadilisha namba ya simu. Leseni nayo, fonti za Google Fonts unaruhusiwa kwenye kazi za biashara, lakini zile zilizoandikwa matumizi binafsi, logo ya mteja sio matumizi binafsi ndugu yangu.

Mi nimebaki na FontBase, ila nimefuta. Kutoka elfu tatu zimebaki kama 140, zote zimepita mtihani wa ng'ombe, na kwenye kazi moja siwashi zaidi ya mbili. Kama kazi zako ni risiti na vitambulisho tu hauihitaji kabisa, usimalize bando kuishusha.

Lile bango la kwanza mwenye bucha hakulitupa, kalifunga nyuma kuzuia jua, na kidirisha kinaonekana vizuri tu ukiwa kwenye daladala.