Huku nanunua jua, nyumbani tumepiga pevingi

Leo asubuhi pilipili mbuzi imeota. Siku ya 17! Nimeikuta imekunja shingo, ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kichwani, nikamwita mume wangu aje aone. Niko Minnesota, mwezi wa tatu huu, nje theluji ya magotini, na furaha niliyonayo jamani niacheni tu.

Mbegu nilizitoa kwenye pilipili ya duka la Waafrika, nikazianika, nikazipanda kwenye trei la mayai. Hapo sasa ndo shughuli, maana pilipili bila udongo wa joto kama nyuzi 27 hivi inakaa tu mpaka inaoza, kwa hiyo chini nimeweka mkeka wa umeme, juu taa ya LED masaa 16 kila siku, ukitegemea dirisha tu miche inarefuka kama uzi ikitafuta mwanga halafu inalala. Mwaka jana kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha shingo za miche, kilinimalizia ngogwe zote kwa usiku mmoja, shingo zimekonda pale kwenye udongo, zote chini. Nilikuwa namwagilia kwa juu kila siku. Sasa hivi trei nalikalisha kwenye sinia la maji linyonye lenyewe. Na nje sitoi kitu mpaka katikati ya Mei, tena kwa kuizoesha miche, leo lisaa limoja kesho mawili.

Yaani nanunua jua. Na udongo wenyewe nanunua kwa mfuko.

Halafu nyumbani Morogoro, ambako nyanya inaota yenyewe pale mama anapomwaga maji ya vyombo, wamepiga pevingi uwanja mzima. Tofali ukuta kwa ukuta. Walinitumia picha Desemba, na hela nilichangia mwenyewe, nikautafuta mchaichai wetu sikuuona, mpera haupo, mchicha sasa wananunua fungu kwa kijana wa baiskeli. Iliniuma sana.

Najua mtasema huyu kashakuwa mzungu, anatufundisha kulima. Jembe nimelishika kabla sijajua kusoma, sikufundishwa huku. Mtasema matope ya masika, nyoka, na maji ya kumwagilia yatoke wapi wakati bomba linatoa upepo. Hilo la maji nakubali kabisa, mimi huku nafungua tu yanatoka. Lakini yale ya kuoshea mchele yanaenda wapi? Si yanamwagwa juu ya tofali yanakauka? Na matope, mngejenga njia tu kutoka getini mpaka barazani, pembeni mkaacha udongo. Udongo ule mweusi ambao ukichomeka kijiti cha muhogo hata hukimwagilii!

Dada nimeshamwambia, tutoe mistari miwili tu ya tofali pale ukuta wa jikoni maji ya vyombo yanapopita. Kasema atamuuliza fundi. Nasubiri jibu, saa nne usiku sasa, nazima taa na kamche kangu nako kalale.