Maoni ya Msimamizi Yasije Siku ya Kufunga Chuo

Ijumaa, saa 10:47 jioni, barua pepe imeingia. Nilikuwa nimeshachomoa chaja ukutani na nusu ya nguo zimo kwenye begi. Msimamizi wangu amerudisha sura ya nne ya tasnifu. Nilimkabidhi wiki 11 zilizopita. Pembeni mwa kurasa ameacha maoni 83, na kwenye barua ameandika: "Tukifungua nipate toleo lililorekebishwa. Likizo njema."

Nilikaa kitandani, begi liko wazi, nikayasoma yote. Nilivumilia hadi nilipofika maoni namba 31. Hapo ananiuliza kwa nini nimechambua majibu ya watu 214 ilhali niligawa hojaji 240. Jibu liko aya ya pili ya sura hiyohiyo: hojaji 26 zilirudi zikiwa na kurasa tupu, nikaziondoa, na nimeeleza kwa nini. Machozi yalinitoka. Maoni magumu nimeyazoea, na mengine yamenifunza kuandika. Kilichoniuma ni kutambua kwamba sura niliyoihangaikia miezi mitano imesomwa mbiombio alasiri ya siku ya mwisho, ili meza ya mtu ibaki safi kabla hajaondoka.

Hesabu yenyewe ni hii. Wiki 11 ni siku 77. Yeye amekaa na sura yangu siku 77 na hakuna aliyemuuliza. Mimi nimepewa siku 19, na ndani ya hizo 19 ndimo zilimo sikukuu, safari ya kwenda nyumbani na kurudi, na siku chache ambazo nilikuwa nimejiahidi kulala bila kengele. Katika zile siku 77 sikuweza hata kuendelea mbele, kwa sababu sura ya tano ni mjadala wa matokeo, na matokeo yako kwenye sura ya nne. Ningejadili nini? Ada ya muhula ilikuwa ikiendelea kuhesabika. Ufadhili una tarehe yake ya mwisho, na mfadhili haulizi sura ilikuwa mezani kwa nani.

Aliye juu mngoje chini, tumeambiwa tangu tukiwa wadogo. Nimengoja. Katikati nilituma ukumbusho mara mbili, na kila mmoja ulinichukua karibu saa nzima, nikifuta na kuandika upya, nikitafuta namna ya kuuliza bila kuonekana nauliza. "Shikamoo Profesa. Samahani sana kwa usumbufu." Usumbufu gani? Naomba radhi kwa kuulizia kazi yangu, niliyoikabidhi siku tuliyokubaliana, kwa mtu ambaye kuisoma ni sehemu ya ajira yake. Nimegundua kwamba barua zangu zote kwake mwaka huu zinaanza na samahani. Zake kwangu hazina hata moja, na hilo limenikaa moyoni kuliko maoni yote 83.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba naye amebanwa. Ana wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwasimamia vizuri, ana vikao, ana mitihani ya shahada ya kwanza, ana makala zake za kuandika asije akanyimwa cheo. Wapo pia wanafunzi wanaopeleka rasimu ambazo hata wao hawakuzisoma. Yote ni kweli. Lakini mwisho wa muhula ukikaribia, kazi chuoni huteremka kama maji ya mvua. Ofisi ya masomo inamsukumia mkuu wa idara, mkuu wa idara anamsukumia mhadhiri, na mhadhiri ananisukumia mimi. Chini yangu hakuna mtu. Yanatuama kwangu, na yanatuama wakati wenzangu wote wamefunga milango na kuzima simu.

Kuna anayesema hili ni suala la kujipanga, mwanafunzi apange muda wake. Ndugu yangu, nimejipanga. Ratiba yangu nimeibandika juu ya kitanda, na mwezi wa kumi wote niliuacha wazi kwa marekebisho ya sura ya nne. Ulipita mtupu. Huwezi kupangia jambo ambalo ufunguo wake anao mwingine.

Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti uliowahoji watu 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wanafunzi wa uzamivu na wengine wa uzamili. Asilimia 39 walikuwa na dalili za sonona ya kiwango cha kati hadi kikali. Katika jamii kwa jumla waliolinganishwa nao, ilikuwa asilimia 6. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo yawezekana wenye maumivu ndio waliovutwa zaidi kujaza; mimi nimefundishwa kuuliza maswali hayo na nayauliza hata pale jibu linaponipendeza. Lakini mwaka mmoja kabla, watafiti wa Ubelgiji waliwapima wanafunzi wa uzamivu 3,659 katika jimbo la Flanders, wakaona mmoja kati ya watatu yuko kwenye hatari ya kupata tatizo la afya ya akili. Miongoni mwa mambo yaliyohusiana na hali hiyo ulikuwamo mtindo wa uongozi wa msimamizi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifikiria wasimamizi wakali, wanaofoka. Wangu hajawahi kunifokea hata siku moja. Ni mpole, anacheka na watu, na ananyamaza wiki 11.

Rafiki yangu wa maabara ana shida nyingine. Anakuza seli, na seli zinataka kubadilishiwa lishe kila baada ya siku mbili au tatu, la sivyo zinakufa na kazi ya miezi inakufa nazo. Kila likizo huwekwa zamu, na kila likizo anapangwa yeye, kwa sababu hana watoto. Mwaka jana alimpigia mama yake kutoka maabara akiwa amevaa glavu, simu imelala mezani kwenye spika. Mama alimuuliza, "Mwanangu, hivyo vidudu vyako havina mtu mwingine?" Hakuwa na la kumjibu.

Nina pia rundo la karatasi za mtihani wa mwaka wa kwanza, 120, ambazo lazima alama zake ziingie Jumatatu. Sijalalamika sana kuhusu hizo kwa kuwa napenda kufundisha. Ila nakumbuka wanafunzi wanaosaidia kufundisha na kusahihisha, pamoja na watafiti, wa Chuo Kikuu cha California, takriban 48,000, waliogoma kuanzia tarehe 14 Novemba 2022 kudai malipo ya kuishi nayo, wakapitia kipindi cha mitihani mgomo ukiendelea, na wengi wao wakamaliza tarehe 23 Desemba, sikukuu ikiwa mlangoni. Nawaheshimu hadi leo. Walichagua wiki zile ambazo kazi yetu huonekana kwa urahisi zaidi, maana ikisimama kila mtu anajua.

Maktaba inafunga mapema wiki hii. Leseni ya programu ya uchambuzi wa data inaisha tarehe 31 na ofisi ya kuihuisha imeshafungwa. Haya nitayamudu.

Nirudi kwenye sura. Maoni namba 52 yanataka niongeze kwenye marejeleo mji wa kila mchapishaji. Mwongozo wa idara yetu unadai mtindo wa APA wa kuandika marejeleo, toleo la saba, la mwaka 2019, na toleo hilo liliondoa mji wa mchapishaji. Nilipofungua rasimu ya mwezi wa nne nilikuta miji yote imo, na yeye mwenyewe ameiwekea alama ya kufuta. Namba 60 anataka jedwali lililoondolewa kwa maagizo yake mwezi wa sita. Namba 77 ni zuri sana. Ananionyesha kwamba nimechanganya uhusiano wa mambo mawili na usababishi, na ana haki kabisa, na kama ningelipata wiki ya pili au ya tatu ningeijenga upya sehemu ile kwa furaha. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu huyu anaweza. Akili yake ndiyo iliyonifanya niombe anisimamie. Nilitaka anisome kwa akili hiyo, nikapata mabaki yake ya Ijumaa jioni.

Ninachotaka ni kidogo. Siku ninapokabidhi sura, tukubaliane kwa maandishi itarudi lini. Wiki tatu, nne, hata sita nitavumilia, mradi nizijue. Tarehe ikipita, kuwe na mtu idarani wa kuuliza badala yangu, ili nisibaki nikiandika samahani peke yangu usiku. Na kazi ikirudi ndani ya wiki ya mwisho wa muhula, siku za likizo zisihesabiwe kwenye muda wa marekebisho. Mimi nikichelewa kukabidhi, kuna fomu, kuna barua ya onyo, kuna faini. Chuo kinajua vizuri namna ya kuweka tarehe pale anayepaswa kuitimiza ni mwanafunzi.

Jana usiku nilimjibu. Nimemshukuru kwa maoni namba 77 na shukrani ile ilitoka moyoni. Nimemweleza kuhusu hojaji 26 na miji ya wachapishaji, na nimeambatisha rasimu yake ya mwezi wa nne. Nimemwambia marekebisho nitayaleta wiki mbili baada ya kufungua, kisha nikamwomba anitajie tarehe atakayoirudisha sura. Nilipomaliza niliisoma barua yote tena, nikafuta samahani mbili zilizokuwa zimejipenyeza, nikaituma.

Hajajibu bado. Basi langu linaondoka kesho saa 12 asubuhi, na kompyuta naiacha kabatini.