Kidole cha Dalali wa Paphos

Dalali alifungua geti, akatupatia maji baridi, halafu badala ya kutukimbiza kwenye bwawa la kuogelea akatoa karatasi moja mkobani na kuiweka juu ya kaunta ya jikoni. Akaigeuza itutazame. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu kutoka chini. "Kabla hamjazunguka," akasema, "naomba msome hapa." Tukasoma. Nyumba iko rehani. Jina la benki lipo, kiasi cha deni kipo, tarehe ya kusajiliwa ipo.

Ndugu zangu, nilishika kaunta.

Nawatoa wasiwasi mapema: villa hainunuliwi na mimi. Iko Peyia, karibu na mji wa Paphos, vyumba vinne, bahari inaonekana mpaka chooni, bei euro milioni 1.9. Kwa shilingi zetu ni bilioni 5 na ushee, nimeshawapigia hesabu msihangaike na simu. Mimi hapa Kupro ni fundi wa mabwawa. Kwa wiki nasafisha mabwawa 17, kuanzia Kissonerga mpaka Coral Bay, napima klorini, naopoa mijusi. Nimeogelea kwenye moja tu, na mwenyewe hajui. Mnunuzi ni baba mdogo wangu aliyekuja kutoka Muscat, akaniomba nimsindikize. "Wewe mwanangu unajua maji yanavujia wapi," alisema. Shikamoo, marahaba, tukaondoka.

Basi toka siku ile ni kidole cha yule dalali tu kichwani kwangu. Bwawa silikumbuki vizuri, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Dalali wa kwetu mnamjua. Hela ya kupelekwa unatoa kabla hujapanda bodaboda. Ukifika anakuonyesha mnazi, anakuonyesha nguzo ya umeme iliyo mbali kule, anakwambia lami inapita hapa mwakani. Ukiuliza karatasi anaangalia saa: "Bosi, kuna mheshimiwa anakuja saa kumi na hela kwenye begi." Hivyo ndivyo nilivyonunua mwaka 2014, ng'ambo ya feri, mtaa sitautaja. Ishirini kwa ishirini, milioni 6. Muuzaji alikuwa mzee wa kanzu nyeupe, sauti ya upole. Nikajikaza nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anadai pale. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. "Kwani huniamini, kijana?"

Nikaona haya. Wallahi niliona haya mbele ya mashahidi wanne na mwenyekiti mwenye muhuri wake. Nikaomba radhi, nikatoa hela, nikatoa na asilimia 10 ya ofisi. Mke wa mzee akatuletea madafu.

Miezi minane baadaye napeleka mafundi, wanakuta msingi wa mtu. Mwenye msingi ana mkataba, mashahidi wanne, muhuri uleule. Wa tatu akajitokeza mwaka uliofuata, mjane kutoka Temeke, na yeye alikunywa madafu.

Haya, najua kinachokuja. Kuna atakayesema kosa ni langu, mbona sikufanya upekuzi ofisi ya ardhi, kwani nyumbani haufanyiki? Unafanyika. Kiwanja kikiwa kimepimwa na kina hati, unalipia, unajibiwa. Changu kilikuwa hakijapimwa, na wengi mnaonicheka mmelala usiku huu juu ya viwanja ambavyo havijapimwa, mnasubiri urasimishaji. Sisemi hatuna ofisi wala sheria. Ninachosema ni kwamba kwetu kuuliza karatasi ni kumtukana mtu. Ukimwuliza mzee hati umemwita mwizi, ukimwuliza shemeji umevunja ndoa ya dada yako. Huku dalali anakuona mgeni wa heshima, kwa hiyo anakuanzia na lile baya. Adabu yangu ya kulelewa Ilala ilinigharimu milioni 6.

Mwingine ameshaanza kuandika kwamba muosha mabwawa nimelewa Uzungu. Subiri. Kwanza, watu wa hapa wenyewe ukiwaita Wazungu wanakutazama vibaya. Pili, hicho kidole hakikushuka kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi kampuni za ujenzi za kisiwa hiki zilichukua mkopo benki kwa kuweka rehani hati mama, yaani hati ya ardhi nzima, zikajenga nyumba juu ya ardhi hiyohiyo na kuziuza. Mnunuzi anamaliza kulipa, anakabidhiwa funguo, hati haiji. Kampuni ikiyumba benki inakuja kudai ardhi, na nyumba imesimama juu yake. Mzee mmoja Mwingereza ninayemsafishia bwawa alimaliza kulipa 2006, hati akaishika 2017. Ananionyesha picha ya siku aliyonunua, alikuwa na nywele.

Kwa hiyo watu walipiga kelele. Mwaka 2011 ikaja sheria kwamba mkataba wa mauziano upelekwe ofisi ya ardhi ndani ya miezi 6, na ukishapokelewa unakaa juu ya ile mali: anayekuja nyuma yako anaukuta. Mwaka 2015 ikaja nyingine ya kuwatoa wale walionasa bila hati. Nasikitika kuwaambia kwamba hakuna muujiza hapo. Ni watu waliotapeliwa ambao hawakuona haya kusema wametapeliwa. Mimi ile ya kwangu nilimficha mama mwaka mzima.

Na yapo ya kwetu ninayoyatembelea kifua mbele. Sheria yetu ya Ardhi, Namba 4 ya 1999, imeweka ardhi yote kuwa ya umma, Rais ndiye mdhamini, na mgeni hapewi isipokuwa kwa uwekezaji. Zamani nilidhani huo ni ushamba. Huku mpaka Novemba 2020 ukiwekeza kuanzia euro milioni 2, nyumba ikiwemo, unapewa na pasipoti. Walipoifunga hiyo walishaumbuliwa na kamera za waandishi waliojifanya wanamwakilisha mteja tajiri. Siku hizi nyumba mpya ya euro 300,000, VAT juu yake, ukiwa na kipato cha kutosha, unaombea ukaazi. Mhudumu wa mgahawa ninaokunywa kahawa ana miaka 34, kazaliwa hapahapa Paphos, analala chumba alicholala akiwa shule kwa sababu kodi za nyumba zimempita. Nikimweleza kwamba kwetu tajiri wa nje hawezi kuja na begi akanunua ufuo, ananiangalia kama natoka peponi. Namwacha aamini. Halafu nikiwa peke yangu nakumbuka kwamba aliyeniuzia mimi hakuwa tajiri wa nje. Alikuwa mzee wa kanzu.

Hata baba mdogo, kwa pasipoti yake ya Oman, lazima aombe kibali: nyumba moja, na ardhi isizidi mita za mraba 4,014, yaani eka moja kasoro chembe. Hilo halikumsumbua. Kilichomgusa ni kitu kingine.

Jioni ile tukiwa tunakula samaki akaniletea simu. Rafiki yake amemtumia villa ya upande wa kaskazini, karibu na Kyrenia, kubwa kuliko ile ya Peyia, bei nusu. "Mwanangu, kwa nini sisi tunahangaika huku?" Nikamweleza kama ninavyosikia kwa wenyeji. Mwaka 1974 jeshi la Uturuki lilipoingia, Wakupro wenye asili ya Kigiriki wa upande ule walikimbilia kusini, wenye asili ya Kituruki wa kusini nao wakahamia kaskazini, mstari ukapita katikati mpaka leo. Waliokimbia waliacha nyumba, lakini hati wanazo. Kuna Mwingereza na mkewe walijenga villa nzuri kule Lapithos. Mwenye ardhi akawashitaki upande wa kusini, akashinda, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba hukumu ile Uingereza lazima iitambue.

Baba mdogo aliondoka Unguja 1964 ana miaka sita. Nyumba yao ilikuwa Malindi. Baba yangu akaishia Dar, yeye akapelekwa Muscat, na hadithi ya ile nyumba sisi tunaijua kwa vipande tu, maana wazee hawakupenda kuisimulia. Aliipanua picha kwa vidole viwili. Si villa aliyokuwa anaitazama. Nyuma ya bwawa kulikuwa na mlimau mkubwa, shina nene, wa miaka mingi kuliko nyumba yenyewe.

"Huu kaupanda nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Akafuta ujumbe, akaomba bili.

Ile ya Peyia wakili anaendelea nayo. Benki italipwa deni lake moja kwa moja kutoka kwenye bei, rehani ifutwe, ndipo hati ihamishwe. Baba mdogo ananiuliza kila siku kama bwawa lina nyufa. Lina moja, nimemwambia, upande wa ngazi. Nimemwambia kabla hajauliza mara ya pili, na ukweli ni kwamba nilisikia raha ya ajabu kuweka kidole pale.

Kesi yangu bado iko baraza la ardhi, inaahirishwa. Siku ile baada ya Peyia nilipata mori, nikamtumia mdogo wangu elfu 40 anunue rangi nyekundu na brashi, aende akaandike kwenye kile kiukuta changu cha matofali, herufi kubwa: KIWANJA HIKI HAKIUZWI, na namba yangu chini. Juzi akanipigia akiwa palepale, upepo unavuma kwenye simu.

"Kaka, maandishi yapo tayari."

"Nani kaandika?"

"Sijui. Yameandikwa vizuri tu, hakiuzwi, ogopa matapeli. Ila namba si yako."