Aliyeruka dozi ahesabiwe au atolewe?

Juzi tumekaa barazani hapa Malindi, joto la kaskazi limetuelemea, shemeji yangu akauliza: mtu kaingizwa kwenye jaribio la dawa, dawa yenyewe hakumeza, sasa vipi anahesabiwa kundi la waliomeza?

Ana hoja. Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, ilijaribiwa nchi 7 za Afrika na Kilifi yetu ikiwemo. Matokeo ya 2011, watoto wa miezi 5 hadi 17: ukiwahesabu wote vile walivyogawanywa, malaria ilipungua kwa asilimia 50.4, ukibakisha waliofuata protokoli tu, yaani masharti ya jaribio, inapanda 55.8. Mama anayeuliza mwanangu akimaliza dozi 3 za mwanzo atapata nini, jibu lake liko karibu na hiyo ya pili. (Ila pengo lote si la walioruka dozi, maana hesabu ya pili inaanza siku 14 baada ya dozi ya tatu.)

Sasa balaa liko hapa: wanaoshika masharti si sawa na wasioshika. Kuna jaribio la Marekani, Coronary Drug Project, wanaume waliowahi kupata shtuko la moyo wakapewa klofibrati, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, na ripoti ya 1980 ikaonyesha waliomeza sawasawa walikufa asilimia 15.0 ndani ya miaka 5, wazembe 24.6. Ukiishia hapo si utasema dawa ni moto? Kumbe kundi la plasebo nalo hivyo hivyo, 15.1 kwa kama 28, na vidonge vyenyewe havina kitu ndani! Ukiwahesabu wote, waliokufa kundi la dawa ni asilimia 20.0 na la plasebo 20.9, yaani dawa haikufua dafu.

Kwa hiyo mimi nasema wahesabiwe wote kwanza, halafu ile hesabu ya waliofuata masharti tu iwekwe pembeni watu waione. Mwengine kaacha dozi kwa sababu dawa imemtapisha, ukimtoa umeficha ubaya wa dawa. Lakini jaribio likitaka kuonyesha dawa mpya si mbaya kuliko ya zamani, mambo yanageuka, kwa sababu watu wakiruka ruka dozi makundi yote mawili yanafanana na uzembe unaonekana ushindi, hapo sikubali mpaka hesabu zote mbili zikubaliane.

Shemeji akauliza basi nani anaamua wa kutolewa, nikamwambia asiyejua nani kapewa nini, na orodha inafungwa kabla siri ya makundi haijafunguliwa.

"Hapo sawa," akasema, "lakini yule ambaye hakumeza bado simuelewi."